Vema Nilizoweka Bila Kuona

Baba mkwe wangu alikuwa anaona kwa jicho moja tu. La kushoto liliharibiwa na surua akiwa mtoto, likabaki jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. La kulia ndilo lililompandia mpunga na kakao na kumjengea nyumba. Kwa hiyo siku ganda la mpunga liliporuka na kumwingia jicho la kulia, hakuna aliyecheka.

Tulikuwa tunapiga mpunga shambani, upande wa Makwale. Mimi sikuona ilivyotokea. Nilikuwa nyuma ya lundo la masuke, nimejifunika khanga kichwani, nakusanya mabua. Nilichosikia ni fimbo. Watu watatu walikuwa wanapiga kwa kupokezana juu ya turubai, kisha fimbo moja ikaacha. Mbili zikaendelea kidogo, nazo zikaacha. Nikamsikia mama mkwe akisema, "Usilifikiche! Toa mkono!"

Nilikuwa nyuma ya lundo kwa sababu ndiyo desturi yetu. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Siku hizi wapo wanaoiacha, hasa wanaokaa mjini, lakini katika familia niliyoolewa bado inashikwa. Nikisikia anakohoa njiani, naingia migombani mpaka apite. Chakula napika mimi, anapelekewa na mama. Jina lake silitaji. Nilikuwa na miaka miwili na nusu katika mji ule, na sura ya baba mkwe wangu nilikuwa naijua kwa picha ya kitambulisho chake, niliyoiona mara moja nikifagia.

Siku ya kwanza mama alimkamulia maji ya majani ambayo mama yake mzazi alikuwa anayatumia. Siku ya pili akarudia. Siku ya tatu mzee hakuweza kuvumilia mwanga, akawa amekaa chumbani amejifunga kitambaa. Mama alitoka jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuna kitu cheupe kimeota kwenye cheusi cha jicho. Kama punje."

Mume wangu akampakia kwenye bodaboda, wakaenda hospitali. Alirudi peke yake jioni, akatueleza tukiwa jikoni.

"Wamemtia ganzi, wakamkwangua jicho kwa kisu kidogo. Walichokwangua wakakitazama kwenye hadubini. Wanasema ni fangasi, na imetoka kwenye mpunga."

"Mpunga wetu?" mama akauliza, kama aliyetukanwa.

"Mpunga wowote, mama. Ganda linachana jicho, fangasi inaingia. Wanasema huku kwetu wanaumwa hivyo wengi. Sasa kuna utafiti. Dawa ni mbili, zote zinatumika kutibu macho, lakini haijulikani ipi inaponya zaidi ugonjwa huu. Baba amepewa moja. Chupa ina namba tu. Hata daktari anayempima hajui ni ipi."

"Na yeye amekubali?"

"Amebonyeza kidole gumba mwenyewe. Amesema la kwanza lilipofuka kwa sababu hakuna aliyejua kitu, hili bora lipofuke watu wakiwa wanajifunza."

Jirani yetu, mama mmoja ambaye habari zote za mji ule zilimfikia kabla ya moshi wa jiko letu, aliposikia alikuja mpaka kwenye uzio. "Wamempa namba kama ng'ombe wa mnadani," alisema.

"Afadhali namba kuliko upofu," mama akamjibu. "Nenda kageuze mpunga wako, unaoza."

Mzee alilazwa siku mbili, manesi wakimtia dawa kila saa. Siku ya tatu akaletwa nyumbani na gari la utafiti, pamoja na chupa na karatasi. Nesi aliyekuja naye alikuwa dada mrefu, mgeni wa huku. Alitusalimia "Ugonile", salamu ya asubuhi, wakati jua lilikuwa linazama, tukamwitikia hivyo hivyo kwa sababu alikuwa amejitahidi. Mzee alipokwisha kuingizwa chumbani, akauliza nani anajua kusoma. Mume wangu alikuwa Ipinda, alikokuwa anapakia magunia ya kakao, anatoka kabla hakujakucha na kurudi giza limeingia. Mama hakusoma. Mama akanigeukia, na nesi naye.

"Wewe ndiye msomi wa hapa?"

"Darasa la saba," nilisema, nikitazama chini.

"Inatosha sana."

Alinikabidhi karatasi yenye visanduku, mstari mmoja kwa kila siku, kisanduku kimoja kwa kila saa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka mgonjwa atakapolala, kila saa tone moja. "Tone likiingia, unaweka vema. Lisipoingia, unaacha wazi. Usinidanganye hata kidogo, mdogo wangu. Jicho hili likikosa dawa saa tatu nne, fangasi inasogea. Na mimi nikija, sina kitu kingine cha kuniambia kilichotokea ila hii karatasi."

Nikasema ndiyo. Hakuuliza nani atashika chupa. Nasi hatukumwambia kwamba mimi siwezi kuingia chumba kile. Utaanzaje kumweleza mgeni aliyekuletea dawa habari za mkamwana na baba mkwe? Kila mmoja wetu aliona jambo hilo ni la nyumbani na tutalimaliza nyumbani.

Tulilimaliza hivi. Mama alikuwa anaingia na chupa. Mimi nilikaa nje, chini ya dirisha la chumba cha mzee, na simu yenye saa, karatasi na kalamu. Dirisha lilikuwa la mbao, limefungwa kwa sababu ya mwanga. Saa ikifika nasema, "Saa mbili, mama." Nasikia kitanda kinalia. Nasikia mama akisema, "Fungua basi. Fungua jicho." Kisha kimya. Kisha, "Tayari." Naweka vema.

Jirani alikuwa ananiita kengele. "Kengele ya shule hiyo imelia! Mzee, ingia darasani!" Hata mzee mwenyewe siku ya kwanza nilimsikia akicheka ndani.

Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alikuwa anaguna kila akigeuka. Siku ya nne, saa nane mchana, nilimsikia akimwambia mama, "Jana nilikuwa naona kivuli chako ukisimama mlangoni. Leo sikioni."

Mama alitoka na chupa. Chupa tulikuwa tunaitunza kwenye chungu kidogo chenye maji, ili isipate joto. Alipoiweka nikaitazama. Kisha nikaitoa, nikainyanyua kuelekea juani.

Nesi alikuwa amesema chupa hiyo itaisha ndani ya wiki, na akifika ataleta nyingine. Siku nne zilikuwa zimepita, na visanduku vyote vilikuwa na vema, lakini dawa ilikuwa imepungua kidole kimoja tu. Nilifikiri labda chupa ilijazwa sana. Nilifikiri labda tone ni dogo kuliko ninavyodhani. Niliirudisha kwenye chungu. 

Saa tisa ilipofika nilisema, "Saa tisa, mama," kama kawaida. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya. Nikasimama, nikaweka jicho langu kwenye ufa wa dirisha.

Mzee alikuwa amelala chali. Uso sikuutazama, au nilijaribu. Nilitazama mkono wa mama. Ulikuwa unatetemeka. Alikuwa ameshika chupa mbali, kama mtu anayeogopa kumchoma mwenzake, na amekaza macho yake mwenyewe, ambayo hata uzi kwenye sindano siku nyingi yalikuwa hayaoni. Mzee alikuwa amebana kope kwa maumivu. Mama akasubiri. Akasubiri tena. Akabonyeza kidogo, tone likaangukia juu ya shavu. Akalifuta kwa ncha ya khanga, taratibu sana, kama mtu anayemfuta mtoto mchanga.

"Tayari," akasema.

Nilikaa chini. Kalamu ilikuwa mkononi. Kisanduku cha saa tisa kilikuwa kinanitazama.

Sikuweka vema. Saa kumi nikachungulia tena: safari hii chupa haikutoa hata tone, mama akagusa machozi ya mzee, akasema tayari. Mpaka usiku sikuweka vema tena. Mama hakujua, kwa sababu hajui kusoma, na mimi sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba nilichungulia chumba cha baba mkwe? Zamani kosa kama hilo wazazi wangu wangeitwa. Na kwamba yeye, aliyekaa na mzee yule tangu msichana, ndiye anayemwaga dawa ya jicho lake?

Mume wangu aliporudi nikamweleza yeye. Alikaa juu ya kinu, bado ana vumbi la magunia.

"Vema ngapi za uongo?"

"Sijui. Huenda zote. Huenda chache ziliingia."

"Nesi anakuja lini?"

"Kesho."

Akajipangusa vumbi. "Usiseme. Ukisema karatasi ni ya uongo watamtoa kwenye utafiti, watachukua chupa yao. Tutabaki na nini? Majani ya bibi? Kuanzia kesho nitabaki nyumbani, nitamtia mimi."

"Utabaki siku ngapi?"

 Wote wawili tulijua kwamba akikosa siku mbili, nafasi yake kwenye magunia inachukuliwa na mtu mwingine.

"Tena nisiposema," nikamwambia, "wataona jicho limezidi, na karatasi inasema dawa ameipata yote. Watasema dawa haifai. Watampa nini sasa?"

"Lala," akasema. "Wao ni madaktari. Wataona wenyewe."

Asubuhi alimtia yeye, kisha akaondoka, alikuwa ameitwa kwa simu. Gari la utafiti lilifika saa nne. Safari hii nesi alikuja na daktari, mwanaume mfupi mwenye sauti ya upole. Waliingia chumbani na mama. Mimi nikabaki mahali pangu chini ya dirisha, karatasi magotini.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia mzee akiguna walipomfungua kope. Nilisikia daktari akisema, "Tazama juu. Tazama chini." Kisha akauliza, "Hivi ni vidole vingapi?"

"Wapi?" mzee akauliza.

Nikasikia daktari akizima tochi.

"Mama, dawa anatiwa kila saa?"

"Kila saa, daktari. Mkamwana anaita, mimi natia. Hatujaruka hata moja." Alisema kwa fahari. Alikuwa anasema anachokijua.

Nesi alitoka, akaja upande wangu. "Lete karatasi, mdogo wangu." Akaitazama. "Umekosa za jana kuanzia saa tisa, lakini nyingine zote zipo. Umefanya kazi nzuri." Akarudi nayo ndani. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

Ndani daktari alikuwa anaongea taratibu na mama. "Doa limekua. Kama dawa ameipata yote hii na bado linakua, basi chupa hii imeshindwa. Itabidi tumpeleke Mbeya. Kule wataangalia kama jicho linaweza kuokolewa. Saa nyingine, mama, fangasi ikifika ndani, jicho linatolewa ili asipate madhara makubwa zaidi."

"Linatolewa?" mama akauliza. "Linatolewa linapelekwa wapi?"

 Mzee akasema, "Ndaga, daktari," asante, kwa sauti ya mtu anayepokea barua ya msiba.

Mimi sijui kuongea mbele ya watu. Shuleni nikisimamishwa kujibu nilikuwa naishiwa pumzi, na mwalimu alikuwa ananiambia niandike jibu ubaoni. Walipotoka, daktari akaelekea kwenye gari na simu sikioni kuulizia nafasi Mbeya, nami nikamfuata nesi hatua tatu nyuma. Nikamgusa mkono. Akageuka. Nikanyoosha mkono nikaichukua ile karatasi kutoka kwake, nikaiweka juu ya boneti ya gari, nikaigeuza upande mweupe. Nikaandika. Naandika polepole hata nikiwa sina haraka. Dereva aliwasha gari, boneti ikawa inatetemeka chini ya kalamu.

"Vema zangu ni za kusikia. Mimi siruhusiwi kuingia. Jana nilichungulia, tone moja lilianguka shavuni, jingine halikutoka. Mama haoni vizuri. Hajui. Chupa haijaisha. Dawa haijashindwa, haijaingia."

Nesi alisoma. Akasoma tena. Kisha akamwambia dereva, "Zima gari."

Daktari naye akasoma. Niliinamisha kichwa nikisubiri kusikia kwamba tumetolewa. Aliniuliza kwa nini siruhusiwi kuingia, nami nikashindwa, na mama aliyekuwa amesimama mlangoni akajibu badala yangu, kwa maneno machache. Kisha naye akauliza, "Imeandikwa nini hapo?"

Nesi akamsomea yote. Hakuruka neno. Nilitamani aruke.

Mama alitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Mimi nilikuwa nahisi unyevu," akasema. "Nikigusa nahisi unyevu. Nikajua imeingia."

"Kosa ni letu, mama," nesi akasema. "Niliuliza nani anajua kusoma. Sikuuliza nani anashika chupa, wala kama anaona."

Daktari alisema hawamtoi mzee. Ukweli ule utaandikwa kama ulivyo, siku nne zile zitahesabiwa kuwa hazijulikani, na yeye ataendelea kufuatiliwa. Lakini Mbeya ingesubiri siku tatu tu. Tatu, si zaidi. Katika siku hizo kila tone liingie. Hospitalini vitanda vilikuwa vimejaa. Mume wangu hayupo mchana. Mama haoni. Daktari akanitazama.

Nikamtazama mama. Mama akatazama dirisha.

Kutoka ndani, mzee, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kama mimi nilivyokuwa nikisikia siku zote, akakohoa. Ni kile kikohozi chake cha njiani, cha kunipa nafasi ya kuingia migombani. Sikuondoka.

"Mama watoto," akasema, "mwambie mkamwana mimi siwezi kumruhusu wala kumkataza. Wewe ndiye mwenye nyumba. Ila mwambie jicho ni hilo moja."

 Mama akaingia ndani, akatoka na kitenge kikuukuu na wembe. Akakikunja, akakata katikati tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Hakumuuliza mtu. Aliingia nacho chumbani, nikasikia kitanda kinalia, kisha akaniita.

"Njoo. Uso wake nimeufunika. Utaona jicho tu, na jicho ni la hospitali."

Nesi aliingia nami. Chumba kilikuwa kimejaa magunia ya mpunga mpya mpaka karibu na dari, kina joto na harufu ya makapi. Mzee alikuwa amelala, kitenge kimemfunika kuanzia kichwani mpaka kifuani, na katikati ya maua yake ya manjano kulikuwa na jicho. Lilikuwa jekundu, lina maji, na juu ya cheusi kulikuwa na doa, jeupe, lenye kingo zilizochanika kama manyoya. Lilikuwa linatangatanga bila kushika kitu. Kitenge kilikuwa kinapanda na kushuka haraka juu ya mdomo wake. Nikajua kwamba naye anaogopa, na si kwa ajili ya jicho tu.

Nesi akanionyesha: kidole kimoja kwenye shavu, juu ya kitenge, vuta chini taratibu, tone kwenye mfuko mwekundu wa chini, usiguse. Mkono wangu haukutetemeka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hapakuwa na haja ya kusema chochote.

Tone liliingia. Nililiona likitandaa.

"Weka vema," nesi akasema.

Siku tatu zile sikulala mchana wala sikwenda shambani. Kila saa mama alikuwa anatandika kitenge, mimi natia, mama ananiuliza, "Limeingia?" na mimi nasema limeingia au bado. Likikosea narudia. Jirani alijua siku hiyo hiyo, akaja uzioni. "Nasikia siku hizi mnaangaliana."

"Anaangalia ugonjwa," mama akamjibu. "Wewe ukiumwa kisogo, nitamtuma pia."

Nesi alikuja siku ya tatu, akatazama muda mrefu kwa tochi yake ya buluu. Doa halikuwa limepungua. Lakini halikuwa limekua. Akapiga simu, akaongea na daktari, akasema Mbeya isubiri tena. Hakuna aliyeshangilia. Tuliendelea. Ile dawa ni ipi kati ya mbili, mpaka leo hatujaambiwa. Watasema utafiti utakapokwisha.

Ilikuwa wiki ya tatu, dawa imepunguzwa kuwa kila saa mbili, mvua za mwisho zinapiga bati. Niliingia, mama akatandika kitenge. Nilipoinama niliona jicho limebadilika. Halikutangatanga tena. Lilinijia, likasimama kwangu kwa muda mfupi kama mtu aliyekutana na mwenzake kwenye kona, kisha likakimbilia juu, kwenye paa, likabaki huko limekazwa.

Nami nikasimama na chupa hewani.

"Mama watoto," mzee akasema chini ya kitenge. "Hilo bati juu ya magunia lina tundu tangu lini?"

Mama akanyanyua kichwa, akakunja macho yake. "Tundu gani? Wapi?"

"Pale. Kando ya boriti. Mvua itaingia kwenye mpunga na nyie mmekaa tu."

Mama alitafuta, hakuliona. Akanigeukia. Nilitazama juu. Kando ya boriti ya pili palikuwa na nukta ya mwanga, ndogo kama kichwa cha msumari, na tone la maji lililokuwa linajiandaa kuanguka.

"Lipo, mama," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza ndani ya chumba kile ambalo halikuhusu dawa, na nilimwambia mama, si yeye.

"Basi mwanao apande kesho," mzee akamwambia mke wake, akiwa bado ametazama paa.

Nikavuta shavu chini, nikabonyeza. Jicho halikupepesa.

"Limeingia?" mama akauliza.